Kokwa Tatu na Sambusa Nne

Zuhura, mjukuu wangu mpenzi,

Barua yako imenikuta hapa Kisenyi nikiwa mzima, ila goti linanisumbua mvua ikinyesha. Mama yako anakusalimu. Paka wako amezaa tena kabatini.

Unauliza nani mwenye akili zake atahesabu kwa kumi na mbili badala ya kumi, mpaka arobaini iandikwe 34. Umenichekesha, mjukuu wangu. Marehemu mama yangu alihesabu hivyo.

Alipitisha kidole gumba kwenye pingili za vidole vinne, tatu tatu, kama anayevuta uradi. Zikiisha zote kumi na mbili, anaweka kokwa moja ya tende pembeni, anaanza upya.

Idi moja nilikaanga sambusa peke yangu kwa mara ya kwanza. Nikazipanga kumi kumi: arobaini kamili! Kisha nikakumbuka majirani. Nyumba tatu, mbili zimenuniana, na kila moja ingehesabu sahani ya mwenzake. Nikagawa sawasawa, ikabaki moja, na sisi nyumbani tuko wanne. Machozi yakanilenga.

Mama akazirudisha zote kwenye sinia, akahesabu kwa pingili zake. Kokwa tatu, na sambusa nne juu.

"Kila kokwa nyumba moja," akasema. "Hizi nne zetu. Sasa unalia nini?"

Basi mwalimu wako akiandika 34, usimcheke. Mimi kwenye ile tatu naona majirani. Kwenye ile nne naona baba, mama, dada yangu na mimi, tunaunguza midomo.

Anayekungoja Idi na kokwa zake,
Jjajja, bibi yako