Kichupa cha Pili

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu kabla hujaanza kununa. Nategemea u mzima, na kile kikohozi cha vumbi la kiwandani kimekuachia. Huku mama hajambo. Magoti ndiyo yaleyale, ila mdomo haujazeeka hata kidogo. Kila siku ananiuliza kama wewe ulizaliwa na masikio. Simu zetu hupokei, basi nakuandikia, maana barua haina kitufe cha kukatia.

Najua hasira zako. Ulisikia mkeo amesimamishwa kazi kwa uzembe, ukamwambia arudi kwao mpaka ujue umeoa mtu wa namna gani. Amerudi. Sasa soma hadi mwisho, tafadhali, hata ukichukia.

Unaukumbuka ule mtambo wa kompyuta niliokueleza, wa kutusaidia kusoma majibu ya damu hapa maabara. Mashine za kupima zinatoa tarakimu, mtambo unazitazama kwa kufuata kanuni tulizoufundisha sisi wenyewe, kisha unaandika maoni: hii inaelekea ugonjwa fulani, hii rudieni. Kanuni moja niliitunga mimi. Manesi walikuwa na tabia, damu ikipungua kwenye kichupa kimoja wanajazia kutoka kile chenye kifuniko cha zambarau. Kile kina dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo inapandisha potasiamu kwa uongo na kushusha kalsiamu. Mkeo mwenyewe alipoanza kazi alifanya hivyo mara moja, nikamsema mpaka akalia. Basi nikaufundisha mtambo: ukiona potasiamu juu sana na kalsiamu chini, zuia majibu, andika, "Damu imemiminwa. Toeni upya, na safari hii mikono itulie." Wodi nzima ilicheka. Mkeo akawa ananitania kwamba wifi yake Pilipili amehamishia mdomo kwenye kompyuta. Nami, jamani, kichwa kilinivimba.

Mwezi uliopita akalazwa fundi wa makochi, baba wa watu, miguu imevimba, hana nguvu hata ya kushika kikombe. Mkeo akamtoa damu. Mtambo ukasema imemiminwa, nikairudisha. Akatoa upya, akaja mwenyewe na kichupa cha pili mkononi, akaapa mbele ya wenzangu kwamba hakumimina hata tone, na kwamba mgonjwa anazidi kuishiwa. Mtambo ukarudia maneno yaleyale. Nikamwambia mtambo hauna shemeji wala wifi, aende akatoe ya tatu. Wenzangu wakacheka. Akakiacha kichupa mezani, akarudi wodini mbio.

Ya tatu haikufika. Moyo wa fundi ulisimama mkeo akiwa anamfunga mpira mkononi ili amtoe damu. Madaktari walimpigania wakaurudisha, lakini hajasema neno tangu hapo. Mke wa fundi anakaa pembeni ya kitanda akimsimulia ni nani amekuja kuulizia kochi lake. Ile potasiamu ilikuwa ya kweli, na ikizidi hivyo husimamisha moyo. Figo zake zilikuwa zimekufa, na figo zikifa hupandisha potasiamu na kushusha kalsiamu vilevile. Kanuni yangu sikuiambia iangalie figo.

Wakubwa walipouliza, nilisema mtambo ulionyesha mara mbili kwamba damu imemiminwa. Wakaandika kwamba nesi alikosea mara mbili. Nilichosema kilikuwa kweli tupu, na kwa ukweli huo mkeo akasimamishwa.

Ingekuwa hayo tu, tungelaumu chuma, wote tukalala. Lakini, mdogo wangu, kipimo cha figo kilikuwa palepale kwenye skrini, mstari wa chini. Kwenye kichupa cha pili nilikiona. Kilikuwa juu mno, na ile dawa ya kichupa haiwezi kukipandisha hivyo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Nilijua mkeo anasema kweli. Alikuwa amesimama mbele yangu, wenzangu wanatazama, na sikutaka kushindwa mbele yao, tena na mke wa mdogo wangu. Nikajiambia ya tatu ikija nitatoa majibu kimyakimya, heshima yangu ibaki. Nilidhani ni dakika chache tu.

Wifi bado hajui hilo. Nimekwenda kwao mara mbili. Mara zote amenikaribisha vizuri, akaniuliza kama mama anakunywa dawa zake, nami nikarudi na ulimi mzito. Mimi, Pilipili!

Alhamisi ijayo kamati inakaa kuamua kama arudi kazini au aondoke moja kwa moja. Nimeomba nafasi ya kuzungumza, na nitasema yote, naye akiwepo. Kazi yangu najua itakwenda. Naogopa, sikufichi, usiku silali. Njoo, mdogo wangu. Omba ruhusa, kopa nauli, danganya umefiwa, lakini njoo. Ukiingia ukae upande wake, na nitakapofika pale kwenye kichupa cha pili umshike mkono. Mimi usinitazame.

Mama anakusalimu sana. Anadhani nakuandikia habari za magoti. Wasalimie wote unaokaa nao. Za mkeo sikutumi, nitampelekea mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Pilipili