Wanaoruka Hivihivi na Wanaoruka na Chombo

Mdogo wangu Ambakisye,

Ugonile. Najua hutajibu, lakini siwezi kuanza kuzungumza na wewe bila salamu. Mimi dada yako sijambo, na banda lako la video hapa Ndandalo bado limesimama. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya habari za watoto.

Lilikaribia kufungwa. Matanga yako yalipokwisha tu, wazee wa kanisa waliniita. Wakasema watu wanalalamika kwamba kanda zako zinafundisha uchawi. Watu wanaruka juu ya mapaa, wanasimama juu ya majani ya mianzi, mtu ananyoosha kiganja na mwenzake anaangukia upande wa pili wa uwanja. Mzee Gwamaka, unamjua, akishika jambo halimtoki mkononi. Akaniuliza, "Mama Tumaini, mtu anayeruka bila kitu, kwetu hapa anaitwa nani?" Jibu sote tunalijua. Wakasema nifunge, la sivyo Meza ya Bwana, ule mkate na divai, nitaisikia tu ikitajwa.

Ulijua ninavyoipenda Meza ya Bwana. Na ulipolala na ile homa ulinishika mkono ukasema banda lisife. Nilikaa katikati ya hayo mawili, naanika kokoa huku naomba. Mwishowe nikawaambia: njooni muone wenyewe, halafu mkate shauri.

Walikuja Jumamosi mchana, mchungaji na Mzee Gwamaka na wazee wengine. Jenereta likagoma kidogo, kama kawaida yake, kisha likawaka. Niliweka kwanza ile ya Kichina, ya kijana ambaye ukoo wake umeuawa, akapanda mlimani kumtafuta mwalimu kizee. Wa kusimulia hakuna, maana msimuliaji ulikuwa wewe, na wewe umelala kule karibu na baba. Basi nikasimama mimi pembeni ya televisheni na kijiti chako cha kuonyeshea. Kichina sikijui, na wewe hukukijua. Nilisema yale niliyokusikia ukiyasema miaka yote nikiuza karanga mlangoni. Pale mwalimu anapomkataa kijana nikapaza sauti, kama wewe, "Rudi kwenu Talatala ukalime, hapa hatufugi wavivu!" Mzee mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Halafu kijana akaruka juu ya paa. Hakuna aliyecheka.

Nikatoa hiyo, nikaweka ile ya nyota, ya binti wa nchi isiyo na mvua anayesafiri angani na chombo kumtafuta bibi mwenye mguu mbovu amfundishe upanga. Upanga wenyewe ukichomolewa unaunguruma kama jenereta. Hapo uso wa Mzee Gwamaka ukalegea. "Hii sawa," akasema. "Hawa wana chombo. Hii sayansi, watu wameshafika mpaka mwezini. Wale wa kwanza wanaruka hivihivi. Za Kichina zichomwe, hizi zibaki."

Wenzake wakaitikia. Ningeweza kusema ndaga fijo, asanteni sana, nikanyamaza, na banda lingepona kidogo. Lakini za nyota unazo chache, kabati zima ni Wachina. Na zaidi ya hapo, haikuwa kweli. Wewe ulikuwa unaniambia tukikunja mikeka, "Dada, hii ni hadithi moja, imebadilishwa nguo tu." Nilidhani unatania. Siku ile, nimeshika kijiti, niliiona kama ulivyokuwa ukiiona.

Nikawaambia. Yule kijana ana upanga wa baba yake, huyu binti ana wa mama yake. Mwalimu wa kule anamchotesha maji mwanafunzi kabla ya kumshikisha upanga, bibi wa huku anamwagiza afagie mchanga kutwa. Kule kuna mgahawa wa chai, mgeni akiingia wote kimya. Huku kuna kilabu cha pombe cha watu wenye masikio kama ya tembo, mgeni akiingia wote kimya. Adui wa kule kafunika uso, wa huku kafunika uso. Na huyu mwenye chombo, mbona chombo kikiharibika anaruka vilevile? Mwalimu anasema ipo nguvu ndani ya pumzi, bibi anasema ipo nguvu kati ya nyota. Mimi nguvu yangu naijua jina lake, wala sijawahi kuichanganya na hizo. "Basi mkichoma, chomeni zote. Mkiacha, acheni zote."

Mzee Gwamaka akasema taratibu, "Basi zote."

Niliona nimekuzika mara ya pili, na safari hii kwa mdomo wangu. Nikainama kuzima televisheni. Mchungaji ndiye aliyeuliza, "Kwani mwisho wao wanafanyaje? Wanaua?" Nikasema mwisho hamjauona.

Mzee Gwamaka akawaka. "Sasa tunakataje shauri nusu? Endesha mbele!"

Nikaendesha, moja baada ya nyingine. Kijana amemwangusha muuaji wa baba yake, upanga uko shingoni. Anamtazama. Anaurudisha kwenye ala, anakwenda kumzika mwalimu wake. Binti naye vilevile, kwenye mchanga wake. Sikusimulia neno. Hata wewe pale ulikuwa unanyamaza.

Unakumbuka kwamba aliyemuua kaka yake Mzee Gwamaka kwenye ugomvi wa shamba bado anaishi Njisi, na sokoni wanasalimiana. Mzee alikaa akitazama kioo kimejaa chenga, kanda imekwisha. Halafu akasema, "Kuruka sijakupenda. Lakini hapo mwisho, waonyeshwe watu."

Basi masharti yao ni haya: nisifungue wakati wa ibada, nisikatishe kanda kabla ya mwisho, na msimuliaji niwe mimi. Jumapili iliyofuata nilikwenda Mezani, nikalia kidogo, watu wakadhani ni msiba.

Kusimulia bado najifunza. Juzi mmoja alinipigia kelele kutoka nyuma, "Mama, hapa si matangazo ya kanisa, changamka!" Walicheka wote. Nami nikacheka, nikageuka nikutazame, nikakuta hupo. Hayo ndiyo magumu, Ambakisye. Mengine yanakwenda.

Nakuahidi nitasimulia mpaka sauti ikauke, na ikikauka nitamfundisha mwingine. Lala, mdogo wangu, mpaka parapanda ilie.

Dada yako,
Tusajigwe