Mvua Uliyoiandika Mwaka wa Njaa

Bergen, Norwei
Jumapili

Baba yangu,

Shikamoo. Nategemea barua hii itakukuta mzima, na macho yako yanakusumbua kiasi kile kile, si zaidi. Mama mdogo, shikamoo na wewe, maana najua ndiwe unayemsomea. Soma taratibu, usiruke mstari. Vipi mtama, mmeshavuna? Na ule mguu wa shangazi, umepona? Mimi sijambo. Baridi ya huku haina adabu, na mvua inanyesha mpaka watu wenyewe wameacha kuizungumzia. Juzi nimetembea barabarani nalia, na hakuna aliyejua, maana kila uso ulikuwa umelowa.

Umeniandikia kwamba mchungaji ametangaza kanisani kuwa vitabu vyako vya vipimo vya mvua vimefika Ulaya, na kwamba karibuni dunia nzima italisoma jina lako. Watu wakakupigia makofi. Ukaniomba nikutumie karatasi yenye jina hilo uitundike sebuleni. Sawa, nimekuwekea humu ndani ya bahasha. Lakini kwanza usikilize.

Kazi yangu uliwahi kuiita kazi ya kubofya, kwa hiyo nikueleze. Ofisi yetu inakusanya vipimo vya dunia: mvua, mito, miamba, matetemeko. Tunaviweka kwenye mtandao, na kompyuta ya mtu aliyeko Brazil ikiuliza mvua ya kwetu Kilimatinde, kompyuta yetu inaijibu papo hapo, bila mtu kubeba faili. Ila namba tupu hazisaidii. Lazima ziende na maelezo yake: nani alipima, wapi, kwa chombo gani, na je, za kuaminika? Mimi ndiye ninayeandika maelezo hayo. Picha za vitabu vyako zilipoletwa, mkuu wangu, mama mmoja anaitwa Ingrid, alinipa mimi kwa furaha kabisa. Alidhani ananipa zawadi.

Na kweli nilifurahi, Baba. Niliuona mwandiko wako, ile saba yako yenye mkia, nikasikia mpaka harufu ya nyumbani. Nikaingiza mwaka baada ya mwaka. Halafu kompyuta ikakataa. Ikaniambia mwaka wa njaa na mwaka ulioutangulia ni mapacha, siku kwa siku, milimita kwa milimita. Nikadhani nimekosea, nikarudia yote tangu mwanzo. Sikuwa nimekosea.

Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka tulivyochemsha mlenda mchana na mlenda jioni. Mvua haikunyesha kuanzia Novemba mpaka Aprili, labda yale manyunyu ya siku mbili ambayo hayakulaza hata vumbi. Wazee wakaja uani wakasema kopo lako la chuma la kupimia mvua ndilo linaloifunga. Waliona linafunikwa kwa ungo mchana. Mama ndiye aliyelifunika, ndiyo, kwa amri yako, kwa sababu hukutaka kuku walichafue. Ulimkaripia siku aliposahau. Mimi nilikuwepo.

Basi wazee wakakuuliza. Ungeweza kusema, mimi nilimtuma. Maneno mawili tu. Wewe ulisimama pale na daftari kwapani ukawaambia, "Mimi kazi yangu ni kusoma kipimo. Anayelifunika ni huyu."

Hukupandisha hata sauti.

Wakamtoa Mama siku ile ile kama mwizi wa mbuzi, na mdogo wangu Daudi mgongoni, hajaanza hata kutambaa. Alitembea siku tatu kwenda kwa kaka yake kule Mkiwa. Daudi aliishiwa maji mwilini wakiwa bado njiani, akafa, na wakamzika huko Mkiwa kesho yake baada ya kufika. Wewe ukalificha kopo ghalani, chini ya magunia matupu, wasije wakalivunja. Kopo ulilitetea, Baba. Halafu kila asubuhi saa tatu ulikaa mezani ukanakili mvua ya mwaka uliopita, mwezi ulipoisha ukapeleka karatasi kwa watu wa hali ya hewa, na posho ikaja.

Mjomba aliandika tarehe ya maziko kwenye Biblia yake. Nimeitafuta siku hiyo kitabuni mwako. Umeandika milimita kumi na nne. Hiyo ni mvua ya kupandia, Baba. Ingekuwa imenyesha kweli, nani angemfukuza Mama?

Sikukuvizia. Nilikuandikia kwanza, kwa adabu zote, nikakuuliza mwaka wa njaa ulipimaje. Nilikuwa tayari kupokea hata nusu ya ukweli. Ukajibu kwa mkono wa mama mdogo: "Andika kama ilivyo. Kitabu changu hakijawahi kukosea." Nililala na barua hiyo chini ya mto wiki nzima kama mjinga.

Nikaenda kwa Ingrid nikamwonyesha kurasa za miaka ile miwili. Akasema inatosha, andika kasoro. Nikamwambia mpimaji ni baba yangu. Akaniuliza kama nataka mtu mwingine aandike. Nikasema hapana, naandika mwenyewe.

Karatasi yako ndiyo hii. Mama mdogo, soma kwa sauti: "Mpimaji: Yohana Chilongola. Chombo: kipima mvua cha chuma. Kasoro: mwaka wa njaa mpimaji hakupima, alinakili kurasa za mwaka uliotangulia. Vipimo vyake vyote vitumike kwa tahadhari."

Vyote, Baba. Ndivyo utaratibu ulivyo. Mpimaji akidanganya mwaka mmoja, anatiliwa shaka miaka yote, hata zile asubuhi ulizopima kweli huku homa inakutetemesha. Hilo liliniuma, sikufichi. Nikabofya hivyo hivyo. Sasa popote duniani mtu atakapouliza habari za mvua yako, jina lako litatoka pamoja na maneno hayo, na hata mimi siwezi kuyafuta. Itundike sebuleni ukitaka. Na mchungaji naye atangaze, makofi yalikuwa ya kanisa zima.

Nisalimie shangazi wa Utemini, umwambie dawa ya mguu nitampa anayekuja Desemba. Wadogo zangu wa kwa mama mdogo wasome kwa bidii, hawana kosa lolote. Wale wazee walio hai wape shikamoo yangu. Hao angalau waliamini walichokisema.

Mama nilimpelekea nakala ya karatasi hii, mjomba akamsomea. Hakulia wala hakukulaani. Aliuliza kitu kimoja tu: je, humo nimeandika na jina la Daudi? Nilitafuta, Baba. Kuna nafasi ya chombo, nafasi ya mwinuko wa mahali, nafasi ya jina la mpimaji. Nafasi ya mtoto hakuna. Nikamjibu kwamba lipo, limeandikwa juu kabisa, na dunia nzima inalisoma. Amefurahi sana. Ukitaka kumwambia ukweli, nenda Mkiwa ukamwambie. Utakuwa ndiyo unaanza kuusema.

Ni mimi mwanao,
Debora