Watoto wa Tarehe 00

Jumatatu, 6 Machi

Bosi kanipa hadi Ijumaa niseme: tunabadilisha laibrari ya tarehe, au tunabaki na hii kuukuu? Ni kipande cha programu tunachokitumia bure hapa kliniki. Kinasoma tarehe za kuzaliwa, wazazi wanapata ujumbe wa chanjo. Aliyekiandika hatujawahi kumwona. Kakitunza miaka kumi na mmoja, mwezi jana kaaga, kachoka. Sasa kina tundu, na wezi wa taarifa wameshalijua.

Nimemwandikia asante. Kajibu kwamba ni ya tatu tangu aanze. Ya tatu! Binadamu sisi, basi tu.

Jumanne, 7 Machi

Nimejaribu laibrari mpya kwenye nakala ya orodha yetu ya watoto. Mambo shwari, mpaka nikahesabu. Watoto sitini na watatu hawapo! Zimebaki namba za kadi tu, na wote siku ya kuzaliwa imeandikwa 00. Ya zamani iliwapokea hivyo hivyo. Mpya inawakataa — na asiyesomwa hatumiwi ujumbe, chanjo inampita.

Nikashuka masjala nimevimba. Mpumbavu gani anaandika sifuri? Kumbe ni Mama Kadi, muuguzi anayeandikisha watoto. Wazazi wao mwezi wanaujua, siku hawaijui. Nikamwambia kwamba bosi anataka wote tuwajazie 01, yaishe. Akavua miwani.

"Siku tusiyoijua hatuibuni. Mzazi akiitaja, nitaandika."

Nikanywea. Nashukuru hakunigombeza, maana nilistahili.

Nyumbani mtoto wetu wa kulea, Chiriku, kaimba tangu naingia mlangoni hadi sahani zinaoshwa. Alikabidhiwa kwetu ana miezi mitatu, hajulikani wa nani. Sasa minne — miaka! Keki tunamkatia siku aliyoingia kwetu. Sijui ningekuwa mtu gani bila kelele zile.

Jumatano, 8 Machi

Nimeamua. Tunabadilisha, ila haachwi mtoto hata mmoja. Mama Kadi anapiga simu, mimi najaza. Kumbe wengi wanaijua siku, hawakuulizwa vizuri tu. Baba mmoja kataja mpaka saa. Bibi mmoja anakumbuka choo chao kilibomoka siku ile ile. Kapigiwa fundi, kaitaja tarehe! Tumecheka hadi machozi. Mungu ampe maisha marefu Mama Kadi.

Alhamisi, 9 Machi

Sitini na wawili! Imebaki kadi moja. Mama Kadi kapiga namba, simu ikaita — mfukoni mwangu.

Nikadhani kakosea. Hakukosea. Ni kadi ya Chiriku. Mke wangu ndiye aliyemwandikisha, akaacha namba yangu. Miaka yote hii ujumbe wa chanjo umenifikia kwa wakati, kwa sababu ya sifuri zile zile nilizozitukana juzi.

Mama Kadi hakucheka. Simu bado iko sikioni, ananitazama.

"Mzazi, mwanao alizaliwa tarehe ngapi?"

Mzazi. Hakuna ofisi iliyowahi kuniita hivyo. Nimeomba dakika tano, naandika haya kwenye ngazi.

Nikisema sijui, laibrari mpya itamwacha nje. Nikitaja, nimebuni. Nimempigia mke wangu. Kasema anayeulizwa ni baba, kwa hiyo baba ajibu. Nyuma yake Chiriku anaimba, maneno kayachanganya yote.

Mwezi wa tano. Siku thelathini na moja, na yake ni mojawapo.

Mama Kadi kachungulia mlangoni. Haniharakishi, kalamu anayo. Nasimama sasa —