Skrubu Iliyozidi Urefu

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa afya, na hilo lenyewe linanitia haya. Mama anakusalimu. Paka wake amezaa kabatini, juu ya mashuka uliyomletea, na amekataa katakata kuguswa.

Nasikia shemeji ameanza kugeuza shingo kidogo. Nasikia pia kwamba kila ukimvua ile kola ya shingo unamsema: uzembe wake mwenyewe, alirusharusha kichwa huko angani kama mtoto, ndiyo maana kamba ya parashuti ikanasa kwenye kamera. Hata yeye ameamini. Nilipokwenda kumwona hospitali alinishika mkono akasema, "Shemeji, nisamehe, nimekuharibia kazi yako nzuri."

Nikamjibu, "Usijali."

Dada, kamera ile niliifunga mimi juu ya helmeti yake. Skrubu fupi iliniponyoka ikaangukia chini ya meza, nikaona uvivu kuinama, nikatia ndefu. Ncha yake ikachomoza ubavuni kama ukucha. Nilijua lazima niikate na kuifunika kwa utepe. Nikasema moyoni, leo anaruka mara moja tu, nitaikata akirudi.

Kamba ilinasa hapo hapo. Na helmeti iliporudishwa, kabla mkuu wetu wa kazi hajaja kuikagua, niliinama chini ya meza, nikaiokota ile fupi, nikazibadilisha.

Ile ndefu nimeitia ndani ya bahasha hii. Mwonyeshe shemeji kabla hujamvua kola tena.

Mdogo wako