Shangazi Hawa Aliponiita Kijana

Arua, Jumapili, Agosti 1987

Mvua imenyesha tangu asubuhi na sijatoka nje. Afadhali. Leo sina uso wa kuonana na watu.

Jana mchana nilishinda mashindano ya brekidansi ukumbini. Nilizunguka kwa mgongo juu ya katoni mpaka watu wakapanda viti, nikamalizia na ule mtelezo wangu wa kurudi nyuma. Vijana wa hapa wanauita "wa video". Wanaamini niliutoa Kampala, kwenye filamu za Wamarekani, nami sijawahi kukanusha.

Uongo mtupu. Kampala niliondoka mtoto, 1979, serikali ilipopinduliwa tukakimbia kambi ya jeshi alikokuwa baba. Mama alifariki tukiwa Zaire, na Shangazi Hawa, dada yake baba, ndiye aliyenilea. Mtelezo ni wake. Alikuwa akiucheza kwenye harusi za askari kule kambini, akanifundisha tuliporudi nyumbani Koboko, uani, pekupeku, huku akinichapa miguu kwa mwiko. "Kisigino chini! Chini!"

Basi jana akaja. Alipanda lori bila kuniambia, akakaa mbele kabisa, na jina langu lilipotajwa akasimama akipiga vigelegele. "Mutoto yangu hiyo!"

Ukumbi ukacheka. Mmoja nyuma yangu akasema, "Hao watu wa Koboko, mabaki ya jeshi la zamani." Mtangazaji akaniuliza, yule mama ni wa kwenu?

Nikasema simjui.

Tena kwenye kipaza sauti! Loo, ulimi huu.

Nilipotoka nilimkuta mlangoni na kifurushi cha muhogo wa kuchemsha, ule ninaoupenda. Wenzangu walikuwa wamenizunguka. Nilijua atanitukana, na wallahi ningeshukuru. Lakini akanipa mkono kama mgeni.

"Kijana, wewe nacheza muzuri sana," akasema. "Mama yako iko na bahati."

Kisha akaenda kutafuta lori la kurudi, muhogo wangu kwapani. Sikumfuata. Nilisimama pale nikipongezwa.

Naona aibu. Nilimkana mbele ya watu, naye akanisitiri mbele ya watu walewale.

Kesho lori la kwanza la Koboko ni langu. Nitapiga hodi, naye kutoka ndani atauliza ni nani.

Nitamjibu mimi ni nani?