Majina Yaliyosomwa Redioni

Maktaba ya Kanisa,
S.L.P. 9,
Kyuso.
14 Agosti 1988.

Mpendwa mdogo wangu Mbinya,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari za Kampala na masomo? Kile kifua kilichokusumbua mwezi wa tano kimepona? Sisi tuko salama, Mungu ametutunza. Mama sasa anafika kanisani bila fimbo. Ndengu zilikauka zikiwa bado na maua, lakini mbuzi wanapata majani.

Barua yako niliisoma mara mbili. Unasema darasa lenu la ukutubi linataka kutangaza maktaba kwa kadi za salamu za redio, na unaniuliza kama hilo ni wazo zuri. Nitakueleza yaliyotokea hapa, halafu uamue mwenyewe.

Mwezi wa pili tuliletewa mwanafunzi wa ukutubi, Muthama, ajifunze kazi kwangu kwa miezi mitatu. Ni mchangamfu na ana bidii. Alinunua kadi, akatuma redioni kwa jina la maktaba, akiwasalimu wasomaji wetu mmoja mmoja. Mtangazaji akazisoma. Wiki hiyo watu walijaa mlangoni, hata wazee wasiojua kusoma, wakitaka waandikishwe ili nao wasalimiwe. Nilifurahi, sikatai.

Kisha Muthama akaanza kutaja na kitabu ambacho kila mtu ameazima. Alikuwa akiyatoa hayo kwenye daftari langu la waazimaji. Alinionyesha kadi moja kabla ya kuituma, nami nikaipitisha bila kuisoma hadi mwisho, kwa sababu nilikuwa nabandika nambari kwenye vitabu vipya.

Jumamosi mchana, redio za maduka yote zikiwa juu, nikasikia: "Salamu zimfikie Raho, mke wa Ahmednur muuza mbuzi, anayesoma kitabu cha ugonjwa wa kifafa."

Raho alikuwa amenieleza kwa sauti ya chini kwamba binti yake, Abshiro, huanguka. Nje ya nyumba yake hakuna mwingine aliyejua. Jumatatu, kule kisimani, wanawake waliwavuta watoto wao mbali na wa Raho. Shuleni Abshiro aliachiwa dawati peke yake.

Nilimchukua Muthama tukaenda nyumbani kwa Raho. Alianza kueleza nia yake, Raho akamkatiza.

"Wewe ni mgeni, sina neno na wewe." Akanigeukia. "Kalunde, mimi niliambia wewe. Sikuambia redio."

"Ni kweli. Nimekukosea," nikasema. Akaingia ndani, akatoka na kitabu amekifunga kwa gazeti, akanirudishia.

Nilikwenda kwa mchungaji nikakiri. Aliniacha kazini. Kadi zilizobaki nilizichoma. Muthama alipomaliza muda wake nilimwandikia ripoti nzuri, maana daftari lilikuwa langu. Wasomaji wanne walinitaka nifute majina yao, nikafuta.

Juzi Alhamisi Raho alikuja, akasimama mbele ya meza. Aliniambia daktari wa Mwingi amempa Abshiro dawa na huu ni mwezi wa pili hajaanguka, ila anataka kusoma tena ile sura ya dawa. Nilimpa kitabu, nikamwambia achukue tu, sitaandika mahali popote.

Alikataa. "Andika. Jina langu na kitabu. Nataka nione kama utaweza kunyamaza."

Niliandika huku akiniangalia.

Basi mdogo wangu, kama mtatuma kadi, salimieni watu kwa majina tu, na kwanza muwaulize.

Mama anakusalimu sana, vilevile mjomba Nzomo na shangazi Muthoki. Msalimie Nzioka ukionana naye huko. Bwana akulinde mguu na macho mpaka tukuone hapa mlangoni.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Kalunde Kivuva